Mantapala: Jinsi televisheni ya zamani inavyoweza kuingia kwenye mtandao wa nyumbani, hata pasipo bando

Habari ya kutoka Pweto au Moba inapofika Mantapala, aghalabu hufika kwanza kwenye simu. Mtu mmoja hutazama, wengine humsubiri awaeleze alichokiona, naye huwaeleza kwa kadiri alivyoelewa. Wa tatu humwambia wa nne, na kabla ya magharibi habari imeshabadilika sura.

Pembeni mwa chumba hichohicho huenda kuna televisheni. Pengine ni ile yenye kichogo, nzito, iliyobebwa kwa baiskeli kutoka sokoni. Pengine ni bapa ya miaka kumi na zaidi iliyopita. Wengi huamini kwamba chombo kama hicho hakiwezi kupokea chochote cha mtandaoni kwa kuwa si "televisheni janja". Neno hilo sisi watafsiri wa chumba cha habari tulilikubali shingo upande, kwa maana kioo chenyewe hakina ujanja wowote. Ujanja umo katika kompyuta ndogo iliyofichwa nyuma yake, na kompyuta hiyo inaweza kabisa kukaa nje.

Makala haya yanaeleza namna ya kuiweka nje, kwa kuzingatia hali ya ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, ambako umeme mara nyingi ni wa jua na bando hununuliwa kwa kuhesabu kila ngwee.

Mantapala imo katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Serikali ya Zambia na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, waliyafungua makazi hayo mwanzoni mwa 2018, baada ya maelfu ya Wakongomani kuvuka mpaka katika nusu ya pili ya 2017 wakikimbia mapigano katika majimbo ya Tanganyika na Haut-Katanga. Walipokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani. Desemba 2021 UNHCR ilianza kuwasaidia waliotaka kurejea kwa hiari katika eneo la Pweto, ng'ambo ya ziwa. Kwa familia inayopima kurudi au kubaki, kuisikia habari yenyewe ni tofauti kabisa na kusikia ilivyosimuliwa. Ndiyo maana kioo kinachotazamwa na watu wanane kwa pamoja kina thamani ambayo simu haina.

Mtandao si lazima uwe intaneti

Kosa linalowagharimu watu fedha nyingi zaidi katika jambo hili ni kudhani kwamba mtandao wa nyumbani na intaneti ni kitu kimoja. Mtandao wa nyumbani ni kama vijia vinavyounganisha nyumba za kijiji kimoja. Intaneti ni barabara kuu iendayo Mansa na Lusaka. Barabara ikikatika wakati wa mvua, vijia bado vinapitika.

Simu inapowasha hotspoti, imeanzisha mtandao. Kifaa kilichojiunga nayo kinaweza kuzungumza na simu hiyo hata kama data imezimwa na salio ni sifuri, ingawa zipo simu chache zinazokataa kuwasha hotspoti bila data. Ruta ndogo ya wifi isiyo na laini yoyote ya simu hufanya kazi hiyohiyo, tena kwa uhakika zaidi, na nyingi za aina hiyo hutumia umeme wa volti 5, yaani zinaweza kuwashwa kwa chaja ya simu au betri ya mkononi.

Maana yake ni hii. Mtu mmoja akienda mahali penye mawimbi mazuri, au akisubiri saa ambazo vifurushi ni nafuu, anaweza kupakua taarifa ya habari, somo la hesabu au mahubiri, kisha akarudi nayo nyumbani. Pale nyumbani video hiyo husafiri kutoka kwenye simu yake hadi kwenye televisheni bila kugusa bando tena. Ikitazamwa mara moja au mara kumi, gharama ni ileile.

Njia hii si ya kubahatisha. Mpango wa Instant Network Schools, ulioanzishwa 2013 na Vodafone Foundation pamoja na UNHCR, umepeleka madarasa ya aina hiyo katika kambi za wakimbizi, zikiwemo za Kenya, Tanzania na Kongo yenyewe: vishikwambi, projekta, betri za sola na masomo yaliyokwisha kupakiwa. Kolibri, programu ya masomo inayotolewa bila malipo, nayo ilibuniwa mahsusi kwa sehemu zisizo na intaneti: kompyuta moja hubeba masomo, nyingine zote huyasoma kupitia wifi ya chumbani. Kinachofanywa na shule kwa fedha za wafadhili kinaweza kufanywa na kaya moja kwa kiwango chake.

Anza na mgongo wa televisheni

Kabla ya kununua kitu, igeuze televisheni na uitazame mgongoni. Matundu yaliyopo ndiyo yatakayoamua kila kitu, na ni vyema kuyapiga picha kwa simu ili umwonyeshe muuzaji.

Ukiona tundu pana, jembamba, lenye maandishi HDMI, kazi yako imekuwa nyepesi. Tundu hilo hupitisha picha na sauti kwa waya mmoja, na karibu kila kifaa cha leo cha kutazamia video hutoka nalo.

Televisheni ya kichogo haina HDMI. Ina matundu matatu ya mviringo: la manjano ni la picha, jeupe na jekundu ni ya sauti ya kushoto na ya kulia. Baadhi zina la manjano na jeupe tu, na hizo nazo hufaa. Sauti itatoka upande mmoja. Hapa utahitaji kigeuzi, kisanduku kidogo kama kiberiti, kinachopokea HDMI upande mmoja na kutoa rangi tatu upande wa pili. Angalia mwelekeo! Kuna vigeuzi vya kutoka HDMI kwenda kwenye rangi tatu, na vingine vya kinyume chake. Kwa sura ni mapacha, na kimoja hakiwezi kufanya kazi ya mwenzake. Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua cha kinyume na kukaa jioni nzima mbele ya kioo cheusi, akiilaumu televisheni isiyo na kosa. Kinachokufaa huandikwa HDMI mahali pa kuingilia. Nacho huhitaji umeme wake wa volti 5.

Kwenye ubavu wa kigeuzi hicho huwa kuna swichi ndogo yenye maneno PAL na NTSC. Iweke kwenye PAL. Zambia, kama Tanzania na Kenya, ilifuata mfumo wa PAL katika enzi za matangazo ya analojia. Kongo ilifuata SECAM, mfumo uliobuniwa Ufaransa. Televisheni nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya mwisho ya kichogo huelewa mifumo yote miwili, lakini ukiwa na chombo cha zamani sana kilichovushwa kutoka upande wa Kongo, usishangae picha ikitoka safi ila haina rangi. Hicho si kigeuzi kibovu. Tafuta kwenye menyu ya televisheni sehemu ya mfumo wa rangi. Isipokuwepo, utatazama habari kwa rangi nyeusi na nyeupe, na maneno yatasikika vilevile.

Kama nyuma kuna tundu la antena peke yake, ongezeko la vifaa huanza kuzidi thamani ya televisheni. Ushauri wangu ni kuiacha.

Halafu kuna tundu la USB, linalowadanganya wengi. Kwenye televisheni bapa za zamani tundu hilo husoma flashi, na wakati mwingine picha tu, au liliwekwa kwa ajili ya fundi. Kuchomeka hapo kinasa wifi hakutaigeuza kuwa janja. Ila kama linasoma video kutoka kwenye flashi, huna haja ya mtandao wowote kwa kuanzia: hamisha faili kutoka kwenye simu hadi kwenye flashi, chomeka, tazama. Vijana huuita mtandao wa miguu, na hauna hitilafu za waya.

Kisanduku cha katikati

Sasa panahitajika kifaa cha kupokea wifi na kuipa televisheni picha. Wengine wanacho tayari bila kujua. Mkataba uliosainiwa Geneva mwaka 2006 uliweka Juni 17, 2015 kuwa ukomo wa kuilinda mitambo ya analojia dhidi ya mwingiliano wa mawimbi, na nchi za ukanda huu zikaanza kuhama. Tanzania ilianza kuzima ya kwake jijini Dar es Salaam Desemba 31, 2012. Tangu hapo ving'amuzi vimeenea hata katika nyumba zenye televisheni za kichogo, na vingi vina matundu ya rangi tatu, hivyo havihitaji kigeuzi. Vingi pia husoma video kutoka kwenye flashi, na baadhi hupokea kinasa wifi kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Fungua menyu ya king'amuzi chako utafute sehemu ya mtandao. Ikiwepo, muulize muuzaji ni kinasa cha aina gani kinachokubaliwa, kwa sababu havikubali kila aina.

Asiye na king'amuzi cha namna hiyo atachagua kati ya kijiti na kisanduku cha Android. Kijiti mashuhuri, Chromecast, kilitoka 2013 kwa dola 35 za Marekani, na Google ikatangaza Agosti 2024 kwamba haitakitengeneza tena. Kwa mkazi wa mjini mwenye intaneti ya kudumu ni kifaa kizuri. Kwa Mantapala sikipendekezi. Kinahitaji intaneti ili kiwashwe kwa mara ya kwanza, kinasumbua pale simu inayotoa hotspoti inapokuwa ndiyo hiyohiyo inayokiongoza, na uhai wake uko mikononi mwa wenye mitambo ya mbali: Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili ziliacha kufanya kazi duniani kote kwa siku kadhaa kwa sababu cheti kimoja cha usalama kilikuwa kimepitwa na muda.

Kisanduku cha Android kinachoweza kuwekewa VLC, programu ya bure ya kuchezesha video, kinafaa zaidi, kwa kuwa VLC hutafuta yenyewe video zilizoshirikishwa na kifaa kingine katika mtandao wa ndani. Upande wa pili, simu au kompyuta yenye video iwekewe programu ya kushirikisha faili kwa mfumo wa DLNA. Zipo nyingi za bure. Kama ruta yako ina tundu la USB, mambo huwa mepesi zaidi: chomeka flashi kwenye ruta, ruhusu ushirikishaji kwenye mipangilio yake, na kila kifaa cha nyumbani kitaisoma. Simu inaweza kuzimwa na mama akaenda nayo shambani.

Lakini tahadhari inahitajika. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilionya kuhusu programu hasidi iitwayo BADBOX 2.0, iliyoingia katika mamilioni ya vifaa vya majumbani vikiwemo visanduku vya bei rahisi vya televisheni; baadhi huwa vimeambukizwa kabla hata havijatoka kiwandani. Kisanduku cha namna hiyo huwakodishia wahalifu njia yako ya intaneti, na bando lako ndilo linaloliwa. Kwa hiyo usiingize humo namba ya siri ya kutumia pesa kwa simu, wala barua pepe unayoitegemea. Kikiwa kinatumika kwenye mtandao wa ndani tu, pasipo data, madhara yake hupungua sana. Hiyo ni faida nyingine ya vijia vya kijijini.

Kikiwashwa na kisione hotspoti yako, usikimbilie kukirudisha dukani. Simu za siku hizi hupenda kurusha wifi ya gigahezi 5, ilhali visanduku vingi vya bei nafuu husikia 2.4 pekee. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti uchague 2.4, isitoshe, masafa hayo hupenya vizuri zaidi kuta za tofali. Kama bado hakioni, badilisha aina ya ulinzi kutoka WPA3 kwenda WPA2. Mambo haya mawili huenda yakamaliza nusu ya malalamiko yote.

Hesabu ya bando

Wanaotaka kutazama moja kwa moja mtandaoni wanapaswa kujua wanachokitumia. Netflix yenyewe hueleza kwamba ubora wa HD unaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa, na ubora wa chini kabisa takriban megabaiti 300. Televisheni ya kichogo katika mfumo wa PAL huonyesha mistari 576 tu ya picha, kwa hiyo kuiletea HD ni kumimina debe la maji ndani ya kikombe; kinachozidi humwagika, nawe umeshakilipia. Kwenye YouTube na programu nyingine chagua 480, hata 360. Macho hayataona tofauti, mfuko utaiona.

Redio haina mpinzani kwa unafuu. Matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde hutumia megabaiti 29 hivi kwa saa. Gigabaiti moja husikilizwa kwa zaidi ya saa 30. Kuyapitisha kwenye spika za televisheni ya zamani, ambazo mara nyingi ni nzito kuliko za bapa za leo, ni njia njema ya kuisikiliza taarifa ya habari pamoja na majirani.

Wenye uwezo wa kuchanga kama kikundi wana njia nyingine: Starlink, intaneti ya setilaiti, ilianza kutoa huduma Zambia Oktoba 2023. Ada yake ya mwezi ni mzigo kwa kaya moja, na mtambo wake hutumia umeme mwingi kuliko ruta ya kawaida.

Jua, betri na radi

Hapa ndipo mipango mingi inapokwama. Paneli ya wati 50 ikipata jua zuri kwa saa tano hutoa, kwa hesabu ya karatasini, wati-saa 250. Joto, waya na betri hula sehemu yake. Tuseme zimebaki 175. Televisheni ya kichogo ya inchi 21 hutumia kati ya wati 60 na 100. Ukichukua 80, ukaongeza 10 za kisanduku, kigeuzi na ruta, umeme huo hautafika saa mbili, na inveta nayo itadai chake. Televisheni ndogo ya LED hutumia wati 20 hadi 30. Pamoja na vifaa vyake, umeme uleule utakaa takriban saa tano. Zipo zinazopokea volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila inveta.

Kwa hiyo kichogo ulichopewa bure si lazima kiwe cha bure. Aliye kwenye nguzo ya umeme na akitumie tu. Anayetegemea jua na bado hajanunua betri afikirie kwanza bapa iliyotumika yenye HDMI; tofauti ya bei inaweza kurudi kwenye paneli na betri ndogo zaidi. Hata nguzo si dhamana: mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba, wakazi wa Lusaka wenyewe walikaa gizani kwa saa nyingi kila siku.

Mambo mawili ya usalama. Usifungue kichogo, na usimruhusu kijana mwenye bisibisi na ujasiri akifungue. Ndani yake hupita umeme wa maelfu mengi ya volti, na sehemu yake hubaki hata baada ya kuchomolewa. La pili ni radi. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Wingu likikusanyika, chomoa waya wa umeme na wa antena vyote viwili. King'amuzi kilichozimwa kwa rimoti bado kimeunganishwa na mlingoti ulio juu ya paa.

Kununua kwa mpangilio

Atakayekwenda sokoni Kashikishi au Nchelenge mjini hana sababu ya kununua kila kitu siku moja. Flashi na king'amuzi kinachosoma video vinatosha kwa mwezi wa kwanza, na vitakuonyesha kama nyumba yako kweli hutazama au ilitamani tu. Kisanduku na kigeuzi vifuate, na vijaribiwe palepale dukani kwenye televisheni yenye matundu kama yako, kabla ya noti kubadilisha mikono. Ruta iwe ya mwisho, kwa kuwa hotspoti ya simu itashikilia nafasi yake.

Na kwa wale walioandikisha majina yao kurejea Pweto: kisanduku, kigeuzi, ruta na flashi vyote huingia kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Kichogo kinaweza kuachiwa jirani.